Hoho kwenye kitalu nyumba zinachanua vizuri halafu zinapukutisha maua yote: ni joto, mbolea, maji au wadudu?

#1 Kisiki_cha_Mwembe
Wakuu heshima kwenu. Naomba wenye uzoefu wa pilipili hoho ndani ya kitalu nyumba wanisaidie.

Kitalu ni mita 6 kwa 10, nguzo za miti, kimo katikati mita 2.5, nailoni ya mikroni 200 juu, neti ya wadudu pande zote nne. Mahali ni Kigamboni, udongo wa kichanga. Matuta manne ya upana wa sentimita 90, kila tuta mistari miwili, mche hadi mche sentimita 45, jumla miche 160. Nusu California Wonder, nusu chotara nyekundu. Ilihamishwa katikati ya Novemba, sasa ni mwisho wa Januari. Maji ya kisima kwa dripu, asubuhi nusu saa na jioni nusu saa. Samadi ya kuku iliwekwa kwenye matuta kabla ya kupanda, halafu CAN (mbolea ya nitrojeni ya kukuzia) gramu 5 kila mche kila wiki, na busta ya majani kila siku 10.

Mimea ni ya kijani kilichokolea, imefika kiunoni, maua kibao. Sasa siku mbili tatu baada ya ua kufunguka, kikonyo kinageuka njano na ua linaanguka na kikonyo chake. Kila mche umebaki na tunda moja au mawili pale kwenye panda ya kwanza, shina linapogawanyika, na baadhi yamedumaa, bapa kama kifungo cha koti. Asubuhi ukiingia, chini pameezekwa maua.

Duka la pembejeo wanasema niongeze busta ya maua. Imeshapigwa mara mbili, hakuna kitu. Nini hasa?

#2 Mpiga_Ramli
Naweka kigoda hapa nisubiri mafundi.

#3 Shamba_Darasa
Joto, mkuu. Mengine yote ni nyongeza.

Hoho inataka mchana nyuzi 20 hadi 28, usiku 16 hadi 20. Mchana ukipita 32 chavua inaharibika ndani ya kitumba hata kabla ua halijafunguka. Ua halichavushwi, mmea unalitupa. Na kitalu cha kimo cha mita 2.5, nailoni juu, bila mwanya kileleni, Kigamboni, Januari, saa nane mchana? Hewa ya moto inapanda, inagonga nailoni, inakaa hapo hapo kwenye vichwa vya mimea.

Fungua mwanya kileleni wa sentimita 50 hadi 60 kwa urefu wote wa mita 10, upande usiopigwa na upepo, uzibe kwa neti. Neti ya kivuli ya asilimia 30 hadi 40 iwe juu ya nailoni, nje, ikiachana nayo kidogo. Wengi wanaitandaza ndani, na hapo joto limeshaingia. Kisha tafuta kipimajoto kinachoweka kumbukumbu ya joto la juu na la chini, kitundike usawa wa maua na ukikinge na jua, la sivyo utakuwa unapima joto la plastiki.

#4 Kamba_Mbili
Shamba_Darasa umeenda mbio kwenye joto ukaruka mbolea. Hebu tupige hesabu. Gramu 5 mara miche 160 ni gramu 800 za CAN kwa wiki. CAN ina nitrojeni asilimia 27, hiyo ni gramu 216 za nitrojeni kwenye mita 60 za mraba. Wiki kumi ni zaidi ya kilo 2. Ukiipeleka kwenye hekta ni kama kilo 360, na bado samadi ya kuku hatujaihesabu. Huo mmea una sababu gani ya kuzaa? Uko kwenye karamu.

Mwenyewe umesema kijani kimekolea na mimea imefika kiunoni. Hoho yenye nitrojeni nyingi inakimbilia majani na matawi. Simamisha CAN leo. Ikifika kutoa maua, potasiamu inatakiwa kuizidi nitrojeni, kama moja na nusu kwa moja. Na CAN yenyewe haina kalsiamu ya maana, bora uhamie kalsiamu naitreti.

#5 Mzee_wa_Mizani
Marekebisho kidogo kwa #4. CAN ina kalsiamu, ila ipo kama chokaa ndani ya punje, inayeyuka polepole sana na kwenye dripu inaacha mashapo. Kalsiamu naitreti ina nitrojeni asilimia 15.5 na kalsiamu asilimia 19, yote inayeyuka. Kwa hiyo ushauri wako sahihi, sababu ndiyo imepinda.

#6 Kamba_Mbili
Nimepokea. Wazee wa mizani hamkosi uzi.

#7 Upepo_wa_Kusi
Hapo #3 kuna kitu kimesahaulika. Mnazungumza mchana tu. Kwa pwani kesi ni ya usiku. Hoho ikilala kwenye joto la nyuzi 24 au zaidi inadondosha maua hata kama mchana umeiwekea kivuli. Na Dar Januari na Februari nje penyewe usiku ni kama 25. Sasa utafungua mwanya gani uingize hewa ya 18 ambayo haipo hata nje?

Ndiyo maana mwenye kitalu pwani anatakiwa kwenda na kalenda, asisikilize watu wa duka. Sia mwisho wa Machi, trei siku 35 hadi 42, hamisha mwanzoni mwa Mei, maua yaanze Juni. Juni hadi Agosti usiku unashuka, hoho inabeba bila kubembelezwa. Kuhamisha Novemba ni kuipeleka hoho ichanue kwenye tanuri.

#8 Kisiki_cha_Mwembe
Shukrani wakuu. Kipimajoto kimepatikana. Siku tatu mfululizo: juu kabisa 39, 38, 40. Chini kabisa 26, 25, 26.

#9 Shamba_Darasa
Uzi ufungwe.

#10 Mzee_wa_Mizani
Usifungwe. Kisima cha Kigamboni kinasoma EC (kipimo cha chumvi kwenye maji) ngapi?

#11 Nyasi_za_Njoro
Sasa wadau wa TZ. Huku Njoro, Kenya, kitalu cha 8 kwa 15, shida yetu ni kinyume na yenu. Usiku nje inashuka hadi nyuzi 10, na hivyo vitunda bapa kama kifungo tunavijua vizuri sana. Ukivipasua unakuta mbegu tatu nne ama hakuna kabisa. Usiku ukishuka chini ya 15 chavua haifanyi kazi, tunda linajitunga bila mbegu, halikui. Sisi tunafunga mapazia ya pembeni saa kumi jioni ndio joto libaki ndani, tunafungua saa tatu asubuhi.

Kwa hivyo @Kisiki, pasua kimoja uangalie. Kama hakina mbegu, shida ni uchavushaji, si mbolea. Baridi ama joto, zote zinamalizia kwa chavua.

#12 Kisiki_cha_Mwembe
Vimepasuliwa vitano. Vitatu havina mbegu hata moja, viwili vina mbegu chache upande mmoja na upande huo ndio umenenepa.

#13 Nyasi_za_Njoro
Ndio hiyo. Tunda linanenepa pale penye mbegu.

#14 Asali_Mbichi
Sasa tumefika kwangu. Umefunga neti pande zote nne, nyuki anapita wapi? Hoho inahitaji nyuki.

#15 Shamba_Darasa
Haihitaji. Ua moja lina dume na jike, inajichavusha yenyewe.

#16 Asali_Mbichi
Inajichavusha ikitikiswa. Nje upepo unafanya hiyo kazi, nyuki anaongezea. Ndani ya neti yenye matundu 50 kwa inchi hakuna upepo wala nyuki, chavua inabaki kwenye vifuko vyake. Ulaya wanaingiza nyuki bambi, wale wanene wanaotetemesha ua. Huku kwetu hawapo kiasili, lakini nyuki wadogo wasiouma wanaweza kukaa kwenye mzinga mdogo mlangoni. Kama huna mzinga, kuna fimbo. Saa tatu hadi saa tano asubuhi, ua likiwa kavu, unagonga waya wa juu uliofungiwa kamba, mstari mzima unatetemeka. Kila siku, dakika kumi unamaliza kitalu. Saa saba ukigonga unajichosha, chavua imeshachemka.

#17 Upepo_wa_Kusi
Chavua iliyokufa uitikise au uiimbie taarabu, haitafufuka. Kwa nyuzi 39 hizo fimbo zako ni mazoezi ya viungo tu.

#18 Asali_Mbichi
Saa tatu asubuhi siyo nyuzi 39 mzee.

#19 Upepo_wa_Kusi
Inaharibika ikiwa bado kitumba. Joto la jana na juzi ndilo limeiua. Rudi #3 usome tena.

#20 Kisiki_cha_Mwembe
@Mzee_wa_Mizani kipimo kimeazimwa. Kisima kinasoma 1.8. Maji ya boza ya jirani 0.4.

#21 Mzee_wa_Mizani
Nilijua. Sasa tulieni niwape hesabu ambayo hamtaipenda.

Dripu nyingi za mtaani zina tundu kila sentimita 30, na tundu linatoa kama lita 1.6 kwa saa. Mstari wako wa mita 9 una matundu 30 kwa miche 20, yaani tundu moja na nusu kwa mche. Saa moja kwa siku ni lita 2.4 kila mche. Mara 160 ni lita 384 kwa siku. EC ya 1.8 ni takriban gramu 1.15 za chumvi kwa lita. Kwa siku unaingiza kama gramu 440 za chumvi kwenye matuta manne. Kilo 13 kwa mwezi! Nje mvua ingeziosha, wewe umeziezekea nailoni. Mmea unakunywa maji, chumvi inabaki. Halafu juu yake CAN, halafu samadi ya kuku ambayo nayo ina chumvi zake.

Hoho haina uvumilivu wa chumvi. Udongo ukipita EC 1.5 kwenye mizizi inaanza kupunguza mavuno, na kila nyongeza ya 1 inakula kama asilimia 14. Kwa maji ya kumwagilia usipite 1.0. Dalili za kwanza siyo lazima majani kuungua pembeni. Mara nyingi ni maua kudondoka, na matunda machache yanayobaki kuoza kitako kwa sababu kalsiamu haifiki. Futa plastiki ya matandazo uangalie kama kuna ukungu mweupe wa chumvi kwenye ukingo wa sehemu yenye unyevu.

Tiba: maji matamu. Tuta lako ni mita za mraba 8 na kidogo. Lipe lita 50 kwa kila mita moja ya mraba, yaani kama lita 400 kwa tuta, kwa mikupuo minne mitano siku moja ili yashuke badala ya kutiririka njiani. Kichanga kinaoshwa haraka, hiyo ndiyo bahati yako. Baadaye changanya kisima na boza nusu kwa nusu, EC itakuja 1.1. Na weka mfereji kwenye nailoni. Paa la mita za mraba 60 mvua ikinyesha milimita 50 linakupa karibu lita 3,000, hata zikipotea mia kadhaa.

#22 Kamba_Mbili
Huyu mzee ananitisha.

#23 Fundi_Laini
Naongezea kwa #21 upande wa muda. Kichanga hakishiki maji. Nusu saa asubuhi na nusu saa jioni maana yake mizizi inalewa mara mbili na inakauka katikati, saa nane ndiyo inakufa kiu. Gawanya hiyo hiyo lita 2.4 mara tano: saa moja, saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi. Dakika 12 kila mara. Ya jioni sana ifute, tuta lisilale limelowa, utaita kuvu wa shina. Na pandisha tenki mita 1.5 hadi 2 juu ya matuta, chini ya hapo matundu ya mwisho wa laini yanatoa machozi tu. Hakikisha kwa vikopo: kimoja mwanzo wa laini, kimoja mwisho, dakika 12, upime kwa bomba la sindano. Tofauti ikizidi moja ya kumi, safisha kichujio na ufungue ncha ya laini maji yatoe uchafu.

#24 Binti_Forodhani
Samahani ndugu zangu, nimesoma hadi huku chini ndiyo nafahamu mnazungumza pilipili boga. Sisi Unguja ukisema pilipili hoho tunafahamu ile ya kuwasha. Nilikuwa nashangaa mtu anapanda miche 160 ya kuwasha nyumbani, anamuwashia nani?

#25 Mpiga_Ramli
Hahaha, wakwe.

#26 Upepo_wa_Kusi
Binti yuko sahihi, hata kamusi za zamani zinaiita hoho ile kali. Bara ndiyo wameigeuza. Turudi kwenye mada.

#27 Daftari_la_Mboga
Wote mmeongea vizuri ila hakuna aliyeuliza majani ya juu yakoje. @Kisiki, majani machanga kabisa ya kileleni yamekunjwa? Kwenda juu au kwenda chini?

#28 Kisiki_cha_Mwembe
Kuna miche kama 30, zaidi upande wa mlango, majani ya juu yamekuwa membamba, yamekunjika kwenda chini, magumu kidogo, na kwa chini yanang'aa rangi kama ya shaba.

#29 Daftari_la_Mboga
Huo ni utitiri. Siyo ule mwekundu wenye utando. Ni ule mdogo mweupe usioonekana kwa macho, unakaa kwenye jani lisilofunguka na kwenye kitumba cha ua. Thiripsi (wadudu wadogo wembamba) hukunja jani kwenda juu kama mashua na kuacha mikwaruzo ya fedha. Utitiri huu hukunja kwenda chini. Ua likiguswa nao linaanguka, na tunda likipona linakuja na makovu ya kahawia kama gome.

Unapenda joto na unyevu, yaani kitalu chako. Na mtu akishauri busta kwa sababu jani limekunjika, ujue anakuchelewesha.

Fanya hivi. Jani changa la juu kabisa, lenzi ya kukuza mara 20, angalia kwa chini kando ya mshipa. Mayai yake yana vidoa vyeupe vilivyopangika, ukiyaona mara moja husahau. Kwa thiripsi gonga ua juu ya karatasi nyeupe, vitatembea. Tiba ya utitiri ni salfa ya unga unaolowana au abamektini, kipimo cha kwenye lebo, pampu ielekezwe chini ya majani na vileleni, rudia baada ya siku 5 hadi 7. Salfa usipige joto likiwa zaidi ya 30, inaunguza, kwa hiyo kwako ni jioni tu. Usiipige karibu na mafuta ya mwarobaini au mafuta mengine yoyote, acha wiki mbili katikati. Nunua dawa iliyosajiliwa na TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania), na siku za kusubiri kabla ya kuvuna zisome kwenye lebo, usimuulize muuzaji.

#30 Shamba_Darasa
Miche 30 kati ya 160. Hiyo 130 nyingine inadondosha kwa utitiri gani?

#31 Daftari_la_Mboga
Dalili ya jani inachelewa. Ukiiona, wadudu wameshakuwepo siku nyingi.

#32 Shamba_Darasa
Kwa hiyo wadudu wasioonekana, kwenye mimea isiyo na dalili. Sawa.

#33 Kamba_Mbili
Na mimi nipo, CAN nyingi pia inalegeza majani na kuita wadudu. Nimewaachia nafasi tu.

#34 Jirani_wa_Meru
Kuna maelezo mengine, hamjayagusa. Yale matunda ya panda ya kwanza.

Hoho ikigawanyika mara ya kwanza inatoa ua katikati ya panda. Hilo ua linatakiwa kukatwa, na hata yale mawili yanayofuata kama mmea bado mdogo. Ukiliacha, tunda la kwanza linavuta chakula chote na maua ya juu yanapungukiwa. Hoho ina tabia ya mawimbi: inabeba, inatupa maua, unavuna, inabeba tena. Hata vitalu vya kioo vya Uholanzi vyenye kila mtambo vinaona hilo wimbi. Ukisubiri tunda liwe jekundu ndiyo mbaya zaidi, maana toka kijani kilichokomaa hadi nyekundu ni wiki 3 hadi 4 za ziada tunda likiwa bado linanyonya. Toa yote ya panda ya kwanza leo, hasa vile vifungo, haviuziki.

Halafu punguza matawi. Mche ubaki na mawili ya kupanda juu kwa kamba, au manne kama umepanda kwa kuachana zaidi. Kwa sentimita 45 na mistari miwili, mawili yanatosha. Kila pingili tawi la pembeni liachwe na ua moja na jani moja, kilichobaki kikatwe kikiwa na urefu wa kidole. Ukiacha mche uwe kichaka kama ulivyo sasa, ndani hapapiti mwanga, na ua lililo kivulini linaanguka lenyewe.

#35 Fundi_Laini
Mkataji asiwe mvutaji. Kirusi cha tumbaku kinatoka kwenye sigara kinaingia kwenye hoho kwa vidole. Anawe kwa sabuni, au achovye vidole na kisu kwenye maziwa kila baada ya mche.

#36 Mpiga_Ramli
Maziwa tena? Hoho zinalelewa kuliko watoto.

#37 Mtoto_wa_Batina
Assalaam aleikum. Huku Oman pwani ya Batina joto ni zaidi ya lenu na hoho zipo. Ukuta mmoja wa kitalu una pedi za karatasi ngumu zinazomwagiwa maji, ukuta wa pili feni kubwa zinavuta. Hewa ikipita kwenye pedi inapoa. Kisiki afunge feni mbili amalize.

#38 Upepo_wa_Kusi
Waaleikum salaam. Pedi inapoza kwa maji kukauka hewani. Hewa ikiwa imeshashiba unyevu, kama ya Kigamboni alfajiri, haikaushi kitu, utapata kitalu cha joto lile lile na ubwiri juu. Na sisi usiku ndiyo shida yetu.

#39 Mtoto_wa_Batina
Kweli, hata huku unyevu wa bahari ukija pedi zinashindwa. Ndiyo maana msimu wa kiangazi wengi hufunga, wakapanda upya joto likipungua.

#40 Upepo_wa_Kusi
Haya, kalenda hiyo. Nilisema #7.

#41 Nyasi_za_Njoro
Swali la pembeni. Kwa nini pwani mnatumia nailoni kabisa? Si mungejenga nyumba ya neti tupu? Mvua kubwa ndio shida peke yake, na hoho si nyanya.

#42 Jirani_wa_Meru
Naunga mkono kwa nusu. Mvua ya masika ikipiga majani inaleta madoa ya bakteria. Nailoni juu ikiwa kimo cha mita 4 na pembeni neti, sawa. Nailoni kwa mita 2.5, hapana.

#43 Mzee_wa_Mizani
Kabla Kisiki hajatumia hela, nina pendekezo. Una matuta manne. Usifanye kila kitu kila mahali, hutajua nini kilisaidia. Tuta la 1 lioshe chumvi. Tuta la 2 toa matunda ya panda, simamisha CAN. Tuta la 3 tikisa kila asubuhi. Tuta la 4 usiguse. Weka utepe kwenye miche 10 kila tuta, hesabu matunda mapya yaliyoshika baada ya siku 14. Tunda limeshika likiwa saizi ya gololi na kikonyo kimebaki kijani.

Utitiri upige kote, huo hausubiri utafiti.

Na ukirudi kwenye kulisha, kwa tenki la lita 500: kalsiamu naitreti gramu 400 na potasiamu naitreti gramu 250 ziyeyushwe kwenye ndoo yake. Magnesiamu salfeti gramu 200 na MKP (mbolea ya fosfeti na potasiamu) gramu 100 kwenye ndoo nyingine. Usizikutanishe zikiwa nzito, kalsiamu na salfeti zinashikana zinakuwa chokaa ya jasi, dripu zinaziba. Jaza tenki maji robo tatu, mimina ndoo ya kwanza, koroga, ndiyo ya pili. Mchanganyiko huo peke yake unakaribia EC 1.8. Ukiuweka kwenye maji ya kisima chako unafika 3.6, hiyo ni supu ya bahari. Kwa maji yako anza na nusu ya hivyo vipimo.

#44 Kamba_Mbili
Tuta la 2 umeweka vitu viwili pamoja. Likishinda, tutajuaje ni CAN au ni matunda?

#45 Mzee_wa_Mizani
Mwambie aongeze tuta la tano.

#46 Kisiki_cha_Mwembe
Wakuu, siku 14 zimetimia. Miche 10 kila tuta, matunda mapya yaliyoshika: tuta la 1 (kuoshwa, maji nusu kwa nusu) 9. Tuta la 2 (matunda yametolewa, CAN sifuri) 14. Tuta la 3 (kutikiswa) 8. Tuta la 4 (halijaguswa) 11. Salfa jioni mara mbili kote.

Ila kulikuwa na mvua siku nne katikati, mawingu kutwa. Kipimajoto kilisoma juu 33, chini 23 siku hizo, na maua mengi yaliyoshika ni ya siku hizo.

#47 Upepo_wa_Kusi
Asante. Joto limeshuka, zimeshika. Kuna mtu bado ana swali?

#48 Daftari_la_Mboga
Na salfa imepigwa kote, ndiyo maana hata tuta la 4 limeshika. Usijipongeze.

#49 Kamba_Mbili
14 ni namba kubwa kuliko zote. Nasema tu.

#50 Jirani_wa_Meru
14 ni ya matunda kutolewa, siyo CAN. Nitrojeni haiishi kwenye udongo wenye samadi ya kuku kwa siku 14.

#51 Mzee_wa_Mizani
Tuta la 1 pima EC ya maji yanayotoka chini ya tuta. Chimba shimo sentimita 30, chota. Kama bado iko juu ya 3, hujaosha, umelowesha.

#52 Asali_Mbichi
Siku za mvua ua linalowa, kutikisa hakufai. Tuta la 3 limeonewa. Ila mbona la 4 ambalo halijaguswa limeyapita la 1 na la 3?

#53 Kisiki_cha_Mwembe
Tuta la 4 ndilo lililo mlangoni.

#54 Shamba_Darasa
Mlango unakaa umefungwa?

#55 Kisiki_cha_Mwembe
Watoto wanauacha wazi kutwa nzima, nawafokea kila siku.